Harufu ya Nyekundu

Asubuhi ile mambo yalipoharibika, Mama Gololi alikuwa ameishiwa arki. Vile vichupa vya kutia harufu kwenye keki alikuwa navyo vinne, vimejipanga kwenye rafu juu ya oveni: stroberi, ndizi, mnanaa na vanila. Alivitikisa kimoja kimoja. Vitatu havikuwa na hata tone la kulowesha ncha ya kijiko, na vanila iliyobaki ilikuwa ya keki ya mwalimu. Keki ya mteja ina haki zake, basi mtoto ndiye angesubiri.

Lakini nani amwambie Gololi asubiri? Kila siku, kabla hajawasha oveni, mama yake alichota unga, akatia chumvi ya kutosha ili usioze, mafuta kidogo na maji ya uvuguvugu, akaukanda mpaka ukawa laini. Kisha aliukata vipande vinne na kuvitia rangi, nyekundu, njano, kijani, na kimoja akakiacha cheupe. Hapo akina mama wengine wangeridhika. Yeye aliona mtoto wa mwoka keki hawezi kuchezea kitu kinachonuka chumvi, akaongeza harufu kwa ubunifu wake mwenyewe. Nyekundu ikapata stroberi, njano ikapata ndizi, kijani ikapata mnanaa na nyeupe ikapata vanila. Gololi alikaa kwenye kigoda chake kando ya meza, akaoka keki zake za uongo huku mama akioka za kweli, na hivyo ndivyo mwanamke asiye na msaidizi alivyoweza kufanya kazi na mtoto ndani ya nyumba.

Na mtoto mwenyewe alikuwa hana taabu. Wenzake wakipiga makelele uani juani, yeye hatoki. Ukimsukuma nje anajikunja, anaficha uso kwenye gauni la mama yake, anataka kurudi jikoni. Majirani walisema huyu ni mtoto wa adabu, kapenda kazi angali mdogo. Walisema pia juu ya macho yake. Yalikuwa makubwa, meusi, yenye majimaji muda wote, na ndiyo yaliyompa lile jina la Gololi akiwa bado ananyonya. "Baba yake anunue fimbo mapema," mwanamke wa nyumba ya pili alipenda kusema, "vijana watajaa hapa mlangoni." Mama Gololi alicheka kila mara kama vile anausikia utani huo kwa mara ya kwanza.

Siku ile aliukanda unga bila harufu.

"Mama, hujatia harufu," Gololi alisema, ameukandamiza unga puani.

"Arki imeisha. Cheza hivyo hivyo."

"Sasa huu ni rangi gani?"

"Si unauona?"

Gololi aliunusa tena. Aliushusha mapajani akaendelea kuufinya, na mama yake akageukia mayai yake.

Mwalimu alikuja mchana kuchukua keki. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na keki ilikuwa ya watoto wake waliokuwa wanamaliza. Mama Gololi alikuwa na lake jambo. Alitaka mtoto apokelewe pale mwaka ukianza, na alijua nafasi zinagombaniwa. Kwa hiyo hakuifunga keki haraka. Alivuta kiti, akakifuta kwa kanga, akamkaribisha mgeni akae jikoni.

"Huyu ndiye niliyekwambia, mwalimu. Hajaenda shule hata siku moja lakini rangi zote anazijua. Mimi mwenyewe nimemfundisha hapa hapa kwenye unga. Gololi, msalimie mwalimu."

"Shikamoo mwalimu," Gololi alisema, akiutazama mlango wa friji.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo."

Mama Gololi aliinua donge jekundu. "Haya, mwambie mwalimu. Hii rangi gani?"

Mtoto alilipokea, akalipeleka puani. Akavuta pumzi. Akalizungushazungusha, akavuta tena.

"Nyeupe?"

"Gololi."

"Kijani?"

"Acha masihara. Hii hapa, angalia. Jana si umeniambia vizuri tu?" Aligeuka kwa mwalimu na kicheko kisichokuwa na furaha. "Anaringa huyu. Akiona mgeni anajifanya hajui." Akachukua donge la njano. "Na hii?"

Gololi alinusa muda mrefu. "Hainuki," alisema. "Haina rangi."

Mama Gololi alimpiga kofi mkononi. Halikuwa kubwa, lilikuwa la kuona haya mbele ya mtu, lakini unga ulianguka chini na mtoto akapiga magoti kuutafuta. Aliutafuta kwa viganja, akipapasa sakafu upande wa kushoto, na unga uko kulia kwake, wa njano kabisa kwenye saruji ya kijivu.

Mwalimu aliacha kuangalia keki. Alifungua mkoba, akatoa pipi, akachuchumaa na kuishika mbele ya uso wa mtoto bila kusema neno. Gololi hakuichukua. Mwalimu akakwaruza karatasi ya pipi kwa ukucha. Hapo mkono mdogo ukainuka upesi, ukapita pembeni ya pipi, ukarudi, ukaikamata.

"Mama," mwalimu alisema taratibu, "samahani kwa kuuliza. Mtoto anaona vizuri?"

"Macho yale?" Mama Gololi alicheka. "Yale yanaona mpaka ndani ya mkoba wako."

"Nimeuliza tu."

"Mwalimu, kama nafasi hakuna, sema nafasi hakuna. Usimtafutie mwanangu kasoro."

Mwalimu hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi mwenye nyumba. Alishukuru kwa keki, akaibeba kwa mikono miwili kwa uangalifu, na alipofika mlangoni akageuka. "Mpeleke kwenye kliniki ya macho. Nikiwa nimekosea, nitakuja kukuomba radhi hapa hapa jikoni."

Mama Gololi aliosha bakuli zake kwa hasira. Alizipanga. Alifuta meza, akaifuta tena. Kisha akasimama mbele ya kigoda cha mwanawe, karibu kiasi cha kuweza kumgusa nywele, akanyamaza, wala hakutikisika.

Gololi alikuwa anamumunya pipi. Kidogo akaacha, akainua kichwa.

"Mama?"

Hakumjibu.

"Mama, umeenda wapi?"

Macho yale makubwa yalikuwa yanamtazama usoni. Hakuna aliyewahi kumwogopesha Mama Gololi kama mtoto wake alivyomwogopesha dakika ile. Alijitupa chini akamkumbatia, akasema nipo, nipo hapa, sijaenda popote, na Gololi akashangaa kwa nini mama ananuka machozi na hakuna aliyekata vitunguu.

*

Baba Gololi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Aliporudi jioni, ana masizi mpaka kwenye kope, mkewe hakumpa hata nafasi ya kunawa.

"Ulimpeleka karakana."

"Nani?"

"Mtoto. Siku nilipokwenda msibani. Ulimpeleka akaangalia ule moto wako."

"Mara moja tu, na nilimfunika kichwa na koti langu. Kuna nini?"

Alimweleza. Fundi alisikiliza amesimama, buti bado miguuni. Kisha akamwita mtoto, akamwinulia vidole viwili. "Vingapi?" Gololi akasema vitatu. Akainua mkono mzima. Gololi akafikiri, akasema vitatu tena, kwa kuwa baba yake hakuonyesha kukasirika mara ya kwanza.

"Mimi nachomelea tangu ujana wangu na macho yangu haya hapa," fundi alisema, na sauti ilikuwa imepanda. "Wewe je? Kutwa anavuta vumbi la unga. Macho yanamtoka maji tangu mchanga, nikikuuliza unasema ni unga, ni unga. Sasa si huo unga?"

"Kwa hiyo ni mimi."

"Sijasema ni wewe."

"Umesema nini basi?"

Gololi alikuwa amesimama kati yao, kichwa kikigeukia kila anayesema. "Msigombane," aliwaomba. "Nitasema rangi vizuri. Mama akinunua arki nitasema."

Fundi alikaa chini mlangoni akaanza kufungua kamba za buti. Alizifungua muda mrefu kuliko buti zilivyohitaji.

*

Kliniki ya macho ilikuwa na benchi refu lililojaa wazee. Gololi alikuwa mtoto pekee, na wazee walimtania, wakamwita mkubwa mwenzao. Muuguzi aliyekuwa anapima alimwekea mbele vipande vya mbao vya rangi.

"Haya mrembo, nichagulie chekundu."

Gololi alichukua kimoja akakinusa. Akakiweka, akachukua kingine, akanusa.

Muuguzi akacheka. "Huyu ana njaa. Mama, hamjamlisha?"

Wazee wawili watatu walicheka pia, kwa wema tu. Mama Gololi alitazama viatu vyake. Angewaeleza nini? Kwamba amemfundisha mtoto wake rangi kwa pua, akamsifu na kumpigia makofi kila siku, na kila kofi lilikuwa linaifunika hatari? Alikuwa ameanza kuelewa, na akatamani asingeelewa.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole kwa namna ya mtu aliyekwisha kusema maneno yale yale mara nyingi. Alimmulika Gololi machoni, na Gololi akapiga kelele na kujifunika. Alimtia dawa ya ganzi, akampima kwa kifaa, akaandika, akapima tena. Kisha akaanza maswali.

"Machozi yalianza lini?"

"Tangu mchanga. Mimi nikidhani ni vumbi la unga. Naoka keki nyumbani."

"Anaogopa jua?"

"Haogopi. Anapenda kukaa ndani. Anapenda..." Alisita. "Anapenda kukaa na mimi jikoni."

Daktari aliandika. "Mwanga unamuumiza, ndiyo maana. Na haya macho, yalikuwa makubwa hivi tangu mwanzo?"

"Kila mtu anayasifu," mama alisema, na sauti ikawa ndogo.

"Hii ni presha ya macho, mama. Ndani ya jicho kuna maji, yanatakiwa yapate njia ya kutoka. Yake haikuumbika sawasawa. Maji yanajaa, yanasukuma. Jicho la mtoto mdogo bado laini, linatanuka. Ukubwa huu si uzuri, ni ugonjwa."

"Ni moto wa kuchomelea?" fundi aliuliza.

"Hapana."

"Ni unga?" mkewe akauliza.

"Wala si unga. Kazaliwa nayo. Hakuna aliyemfanyia kitu."

Ungedhani watashusha pumzi. Hawakushusha. Tangu siku ile ya ugomvi kila mmoja alikuwa amemwekea mwenzake lawama, na lawama ina faida yake, inakupa pa kushika. Sasa walikaa kwenye viti vya plastiki hawana pa kushika, na fundi akaushika mkono wa mkewe mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Nani alikuwa anakaa na mtoto?" daktari aliuliza bila kuinua macho kwenye faili.

"Mimi."

"Kutwa?"

"Kutwa, daktari. Sikuwahi kumwachia mtu."

Daktari aliandika na hilo. Hakusema neno baya. Mama Gololi angependa aseme, apate la kujibu.

"Tutamfanyia upasuaji, tufungue njia maji yatoke. Nataka muelewe vizuri. Jicho la kushoto limekwisha kwenda. La kulia tutajaribu kulinda kilichobaki."

"Kimebaki nini?"

"Mwanga. Vivuli. Pengine vitu vikubwa, vikiwa karibu sana. Sijui kwa hakika, yeye mwenyewe hawezi kutueleza. Hajui wengine tunaona nini."

"Na kilichopotea?"

"Hakirudi."

"Hata akila karoti?"

Lilimtoka kabla hajalipima. Muuguzi aliuma mdomo akageukia dirishani. Daktari hakucheka, alisema tu, "Hata akila karoti, mama," na akamfutia Gololi machozi kwa pamba.

*

Mashine ya kupigia mayai iliuzwa wiki hiyo hiyo kulipia upasuaji, tusiseme kwa bei gani, maana aliyeinunua alikuwa jirani na bado wanasalimiana. Mama Gololi alirudia kupiga mayai kwa mkono. Alipokea oda chache, akazioka bila kuonja. Majirani walikuja kumpa pole, na yule wa nyumba ya pili hakurudia utani wake. Alikaa ukingoni mwa kochi akasema, "Na macho mazuri vile," kisha akajishtukia, akaomba maji ya kunywa.

Upasuaji ulifanyika. Fundi alishinda koridoni asubuhi ile nzima, anakaa, anasimama, mikono yake mikubwa yenye makovu ya cheche haina cha kufanya. Yeye chuma kikipinda hukipasha moto akakinyoosha. Kikivunjika hukiunga. Alimwambia mkewe hivyo, na mkewe akasema anajua.

Gololi alirudi nyumbani amefungwa bandeji, mchangamfu kuwapita wote. Alitembea nyumba nzima bila kujikwaa, kwa kuwa nyumba aliijua kwa miguu, na mama yake alipoona jinsi asivyohitaji kuongozwa, alijifungia chooni kwa muda. Mtoto aliomba kitu kimoja tu. Alimwomba baba yake, tena kwa kumnong'oneza. Siku ya pili fundi alirudi na mfuko mdogo, akautua juu ya meza bila maelezo. Ndani mlikuwa na vichupa vinne vya arki. Mtu huyu hakuwahi kuingia duka la vifaa vya keki maishani mwake. Alikuwa amekwenda na masizi yake, akasimama kwenye foleni ya akina mama, akaomba nyekundu, njano, kijani na nyeupe, mpaka muuzaji akacheka, na fundi akalazimika kunusishwa kimoja kimoja.

Mama Gololi alivipanga kwenye rafu. Lakini hakuvifungua.

*

Bandeji ilipotolewa, daktari alisema presha imeshuka, na kwamba dawa ya matone iendelee, na waje tena. Kuhusu kuona hakusema kitu. Alisema tusubiri. Neno hilo Mama Gololi alilibeba mpaka nyumbani, akalikuza njiani. Tusubiri si hapana. Watu husubiri kinachokuja.

Mumewe alipotoka kwenda kazini, alichota unga. Safari hii alitia rangi kwa wingi kuliko siku zote, nyekundu ikawa ya kuunguza. Alisogeza kigoda karibu na dirisha, akaacha pazia nusu ili mwanga usimuumize mtoto, akamkalisha. Harufu hakutia makusudi. Alitaka kujua, na alitaka ajue akiwa peke yake.

"Mwanangu, tucheze."

Gololi alinyoosha mikono miwili kwa furaha, akapokea donge, akalipeleka puani. Uso ukakunjamana.

"Mama, hujatia harufu."

"Najua. Leo tunacheza vingine. Leo usinuse. Angalia tu."

"Haya."

Mtoto alilishika donge mbele yake, mbali na pua kama alivyoagizwa. Alikuwa anatii. Alikaa hivyo, shingo imenyooka, macho makubwa yamefumbuliwa wazi kuelekea dirishani, na mama yake amepiga magoti mbele yake, anamwangalia mboni, anaomba moyoni bila maneno.

"Umeangalia?"

"Naangalia."

"Rangi gani?"

Gololi alifikiri. Alitaka sana kupatia. Alilifinya donge, akalipitisha kutoka mkono huu hadi huu, akalileta karibu na shavu, akakumbuka ameambiwa asinuse, akalirudisha.

"Mama," alisema mwishowe, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu kidogo alichosahau, "tia harufu kwanza. Ukitia harufu nitaiona."

Mama Gololi aliinuka. Alikwenda kwenye rafu juu ya oveni akavishusha vile vichupa vipya. Vilikuwa vimeandikwa majina, lakini machozi yalikuwa yamemjaa, na herufi zote zilikuwa doa moja. Alijifuta kwa kanga, yakajaa tena. Basi akafungua kichupa cha kwanza kilichomjia mkononi, akakileta puani.

"Hiyo njano," Gololi alisema kutoka kwenye kigoda.

Alikifunga. Akafungua kingine.

"Hiyo kijani, mama. Siyo hiyo. Nataka nyekundu."

Akafungua cha tatu. Jikoni kukajaa stroberi, na nyuma yake akasikia mtoto anapiga makofi.

"Hiyo hapo," Gololi alisema. "Ilete."